Waliokatwa kwa Kalamu Nyekundu

Pale hospitalini walimwita Mama Tulia, na wageni wengi walidhani ana binti wa jina hilo. "Tulia hajambo? Yuko darasa la ngapi sasa?" wangemuuliza, naye angejibu bila hata kutabasamu, "Hajambo, ananisumbua tu." Ukweli ni kwamba watoto wake wote wawili walikuwa wa kiume, wakubwa wenye ndevu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutulia maishani mwake. Jina lilitokana na kazi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipiga picha za ndani ya mwili, kwanza eksirei, kisha ile mashine kubwa ya sumaku iliyofungwa chumba cha chini kabisa cha hospitali, na neno alilolitamka mara nyingi kuliko salamu lilikuwa hilo. Tulia mama, usipumue. Tulia baba, bado dakika mbili. Tulia mwanangu, nipo hapa hapa.

Mashine yenyewe watu waliiita Bomba, maana ndivyo ilivyo: bomba jeupe, nene kama tangi la maji lililolazwa, lenye tundu katikati ambamo kitanda chembamba huteleza na mtu juu yake. Ukiwa humo huumii. Unachopata ni kelele. Bomba hugonga, hukoroma, hulia kama king'ora, hunyamaza, halafu hugonga upya kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi. Na kwa kuwa sumaku haina mzaha, kila kitu cha chuma hubaki nje. Mama Tulia alikuwa na beseni la plastiki la kuwekea funguo, hereni, mikanda na meno ya bandia ya watu. Aliwahi kumkimbilia mzee mmoja hadi kituo cha basi, meno yake yakiwa kwenye bahasha ya hospitali, na mzee alipoyapokea alimshukuru kwa dakika nzima bila mtu kuelewa neno hata moja.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko umbo lake. Kazi yake aliijua kama anavyojua kiganja chake. Lakini haikuwahi kumpitia kichwani kwamba siku moja angesimama mbele ya maprofesa na kuwapinga. Hilo lililetwa na moto.

Miaka mitatu kabla ya mambo haya, kiwanda kimoja cha kushona nguo, nje kidogo ya mji, kiliwaka moto saa nne asubuhi. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya mia mbili. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, ule wa mbele ukazibwa na marobota ya vitambaa yaliyoanguka, na waliotoka hai walitokea madirishani baada ya mabati yaliyoyaziba kukatwa. Miongoni mwao alikuwemo mdogo wake wa kike Mama Tulia, tumbo moja baba mmoja, mshonaji wa kola na mifuko ya mashati. Alitoka na kovu dogo tu mkononi. Watu wakamwambia ana bahati, akawaitikia, "Ndiyo, nina bahati," kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ukutani.

Alihamia kwa dada yake. Hakulia, hakusimulia, hakuomba kitu. Aliketi kwenye kiti cha plastiki pale kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, asubuhi hadi jioni. Mlango ukifungwa, hata wa bafu, alishtuka akaanza kutweta. Mume wa Mama Tulia alikuwa fundi seremala, mtu wa mzaha mwingi. Siku moja alichukua bisibisi, akang'oa milango yote ya ndani, akatundika mapazia.

"Shemeji, nimechoka na milango hii," alisema huku akiibeba kuipeleka uani. "Inalia kama mbuzi."

Alikuwa anadanganya. Bawaba alikuwa amezitia mafuta yeye mwenyewe wiki iliyopita, na mke wake alimwona.

Daktari wa magonjwa ya akili aliyaita mambo ya mdogo mtu kwa majina mawili. Kiwewe, alisema, ni lile tukio lililokataa kwisha: moto umezimwa lakini mwili bado unakimbia. Sonona ni ule uzito uliofuata, mtu akaamka asione ladha ya kitu chochote, wala chakula, wala mazungumzo, wala watoto wa jirani. Alipewa dawa, akapewa na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Wenzake kadhaa waliotoka kwenye moto ule ule walipata nafuu kwa njia hizo hizo. Yeye hakupata. Kwa nini, hakuna aliyejua.

Basi siku moja utafiti ukaingia hospitalini, na pamoja nao akaja daktari wa ubongo, mwanamke mrefu mwenye miwani, aliyetembea haraka kama anayechelewa treni. Alikuja chini kujitambulisha na kumweleza Mama Tulia kinachotakiwa.

"Hatutafuti kidonda," alisema. "Ukiupiga ubongo wa mtu mwenye kiwewe picha ya kawaida, utauona mzima kabisa. Tunachotafuta ni mawasiliano. Sehemu za ubongo huzungumza zenyewe kwa zenyewe hata mtu akiwa amelala tu, macho wazi, hafanyi lolote. Shughuli za sehemu mbili zikipanda pamoja na kushuka pamoja, tunajua zina uhusiano. Sasa kwa hawa waliotoka kwenye moto, tunataka kujua sehemu gani imeacha kuzungumza na ipi."

"Na mkishajua?"

"Labda siku moja tutaweza kusema mapema, huyu dawa itamfaa, yule apewe tiba ya mazungumzo. Kwa sasa, Mama, nikwambie kweli, tunabahatisha."

Mama Tulia alimpenda papo hapo kwa neno hilo. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumsikia daktari akisema anabahatisha.

Masharti yalikuwa magumu. Mtu alale ndani ya Bomba dakika kumi, kichwa kimefungiwa kwenye kofia ngumu ya plastiki inayofunika uso kama kizimba, asikitikise hata kwa upana wa punje ya mchele, macho yatazame alama ya msalaba mdogo, na asisinzie. Akijitikisa, picha inaharibika. Akisinzia, ubongo unabadili mazungumzo, na picha inaharibika vilevile.

Walianza na watu ishirini na wanne. Kumi na mmoja walishindwa. Mmoja aliishia mlangoni baada ya kuliona tu lile tundu. Mwingine alistahimili mpaka kofia ilipofungwa, akapiga yowe lililosikika hadi maabara. Mwanamke mmoja alilala kimya, akabubujikwa na machozi, akatetemeka kiasi kwamba picha zake zilionekana kama kioo chenye mvuke. Mama Tulia aliwafuta machozi, akawapa maji, akawasindikiza hadi nje. Kila mmoja wao alimwomba msamaha, kana kwamba amevunja kitu cha watu.

Wiki ya tano paliitishwa kikao. Mkuu wa utafiti, ambaye wote walimwita Profesa, alishika orodha na kalamu nyekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka aliyezoea kutii muda.

"Hawa kumi na mmoja tuwaache," alisema, na kalamu ikaanza kupita juu ya majina, mstari baada ya mstari. "Tunataka picha safi. Tutafute wengine wanaotulia."

Mama Tulia alikuwemo kwa sababu moja tu, kutoa taarifa ya saa za mashine. Alitazama ile kalamu ikipita. Jina la tatu, la nne, la tano. Halafu akasikia sauti ikisema, na ikamchukua muda kidogo kutambua kwamba ni yake.

"Samahani, Profesa. Hao unaowakata ndio wagonjwa wenyewe."

Kalamu ikasimama. "Unasemaje?"

"Wanaotulia kwenye Bomba ni wale walioanza kupata nafuu. Wanaoshindwa ndio walioumia zaidi. Ukiwaondoa hao, utakuwa unachunguza kiwewe kwa watu ambao kiwewe kimewapungua."

Vijana wa takwimu walizama kwenye kompyuta zao. Profesa alitabasamu, tabasamu la upole, na upole wenyewe ndio uliochoma.

"Mama, tunakushukuru sana. Lakini kazi yako ni kuendesha mashine. Mambo ya utafiti tuachie wenyewe."

Mama Tulia akasema, "Sawa, Profesa," akashuka ngazi hadi chini, akachukua kitambaa akafuta kitanda cha Bomba ambacho kilikuwa safi tayari. Akakifuta tena. Uso ulikuwa unamwaka moto. Alijiambia angenyamaza. Alijiambia pia kwamba alichosema ni kweli, na kweli hiyo haikupungua hata chembe kwa kuwa imesemwa na mpiga picha.

Alikuwa bado anafuta pale daktari wa ubongo alipoingia.

"Uliyoyasema nilipaswa kuyasema mimi," alisema. "Niliyaona tangu wiki ya pili, nikaogopa kuchelewesha kazi. Nimembana Profesa, ametupa wiki sita za kuwajaribu upya hao kumi na mmoja. Unahitaji nini?"

"Sijui bado," Mama Tulia akajibu. "Ila kuna mtu nataka nimuulize."

Jioni ile alivuta kigoda akaketi karibu na kizingiti. "Mdogo wangu," alisema, "nimekwama kazini. Nisaidie."

Mdogo mtu aligeuka akamtazama. Kwa miaka mitatu kila mtu alikuwa amemsaidia yeye. Alisaidiwa kula, kuvaa, kwenda kliniki. Hakuna aliyewahi kumwomba msaada. Mama Tulia akamweleza yote: Bomba, kelele, kofia, wale kumi na mmoja. Hakuficha kitu.

"Hicho kizimba cha usoni," mdogo mtu akauliza, "nani anakifunga?"

"Mimi."

"Na kukifungua?"

"Mimi."

"Na mtu akizidiwa?"

"Ana kimpira mkononi. Akikibinya, kengele inalia kwangu. Namwambia, vumilia kidogo, zimebaki dakika mbili."

Mdogo mtu akacheka, kicheko kikavu kisichokuwa na furaha. "Vumilia kidogo. Msimamizi wetu alitwambia hayo hayo. Moshi unaingia chini ya mlango, sisi tunapiga kelele, yeye anasema vumilieni kidogo, ufunguo unakuja." Alikunja kitambaa alichokishika, akakikunjua. "Dada, ufinyu tungeuzoea. Kelele tulizizoea, cherehani mia zinalia siku nzima. Tatizo ni ufunguo. Ufunguo ana mtu mwingine."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema mwaka mzima. Mama Tulia aliketi pale, na aibu ikampanda taratibu kutoka miguuni. Miaka kumi na tisa! Ni watu wangapi aliowaambia vumilia kidogo, kwa moyo mweupe kabisa, wakati wao wanasikia kufuli?

Siku iliyofuata alianza kazi. Kwanza alimwendea mume wake karakanani, akamchorea mahitaji nyuma ya kalenda ya zamani. Fundi akakuna kidevu, akauliza vipimo, akauliza tena, na wiki moja baadaye kukawa na bomba la mazoezi: mbavu za mbao, plaiwudi laini ndani, rangi nyeupe, na kitanda chenye magurudumu ya kabati. Ndani, juu ya kichwa, palipita kamba nene. Aliyelala angeishika akajivuta mwenyewe nje, wakati wowote, bila kumwomba mtu.

Fundi alisisitiza kulijaribu yeye wa kwanza, pale pale uani. Aliingia kwa mbwembwe. Kitanda kikaenda vizuri mpaka tumboni, kikagoma.

"Mke wangu," sauti ikatoka ndani, "nadhani vipimo vyako vina kasoro."

"Vipimo vyangu ni vya Bomba. Kasoro ni tumbo lako."

"Basi nivute. Miguu! Nivute miguu, si suruali!"

Mdogo mtu, pale alipoketi, aliziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakamtikisika. Fundi alisema baadaye kwamba alikwama makusudi. Hakuna aliyemwamini.

Bomba la mazoezi likawekwa kwenye stoo iliyopakana na chumba cha mashine. Mama Tulia akawapigia simu wale kumi na mmoja, mmoja mmoja. Hakuwaambia njooni mpigwe picha. Aliwaambia, "Njoo uone, ukitaka ondoka." Watu walikuja mara tatu, mara nne, wengine mara saba. Siku ya kwanza mtu angegusa tu mbao. Siku ya pili angelala miguu nje. Kelele za Bomba alizirekodi kwenye simu, akazicheza kwa sauti ndogo kama ya redio ya jirani, kisha akaongeza kidogo kidogo, na kitufe cha sauti kilikuwa mkononi mwa aliyelala.

Kwenye chumba cha mashine yenyewe aliweka utaratibu mpya. Kofia mtu aishike kwanza, aifunge na kuifungua kwa mikono yake mpaka auzoee mlio wake. Kimpira akibinye mara tatu kabla ya kuanza, na mara zote tatu kitanda kitoke nje mara moja, ili aone kwa macho yake kwamba kinatoka. Na juu ya kioo cha chumba cha kompyuta alibandika karatasi: HATUSEMI VUMILIA.

Msaidizi wake, kijana hodari wa mashine, aliisoma akaguna. "Mama, na mtu akibinya dakika ya tisa?"

"Anatoka."

"Halafu tunaanza upya, dakika ya kwanza?"

"Tunaanza upya. Una haraka ya kwenda wapi?"

Kati ya wale kumi na mmoja alikuwemo mlinzi wa zamani wa kiwanda. Siku ya moto alikuwa getini, na ufunguo wa mlango wa nyuma hakuwa nao. Ulikuwa umechukuliwa na wakubwa. Hakuna aliyemlaumu isipokuwa yeye mwenyewe, na alijilaumu barabara. Alisema tangu siku ile hajapata usingizi wa kueleweka. Kila akifumba macho anapapasa mifuko yake kutafuta ufunguo. Alifanya mazoezi mara tano, akaingia kwenye Bomba halisi, akabinya kimpira mara tatu, akatoka mara tatu, akasema yuko tayari.

Dakika ya tatu, kwenye spika ya chumba cha kompyuta, pakasikika sauti ya ajabu. Msaidizi akainama kuangalia kama mashine ina hitilafu. Mashine ilikuwa nzima. Mzee alikuwa anakoroma.

Msaidizi akanyoosha mkono kuwasha kipaza sauti amwamshe. Mama Tulia akaushika mkono ule.

"Mwache."

"Lakini picha..."

"Picha imeshaharibika. Simamisha kelele. Mwache alale."

Alimfungua ile kofia taratibu, akamfunika shuka, kisha akatoka ukumbini kwa mgonjwa aliyefuata, mtu wa goti, akamwomba radhi na kumwambia patakuwa na kuchelewa kidogo. Mlinzi alilala dakika arobaini na tano. Alipozinduka alitazama huku na huku, akaona haya.

"Nimefaulu?" akauliza.

"Umefeli vizuri sana, baba," Mama Tulia akamjibu.

Alirudi wiki iliyofuata, akakaa macho dakika zote kumi, na akatoka akijinadi ukumbini kama mtu aliyevuka mto kwa kuogelea.

Wiki sita zilipokwisha, tisa kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wamepigwa picha, na picha zilikuwa safi. Habari zikaenea. Watu waliokuwa wamekataa kata kata wakaanza kupiga simu wenyewe. Profesa alishuka chini siku moja bila kutoa taarifa. Alisoma karatasi ya kiooni, akatazama bomba la mbao, akavua koti na saa, akalala. Alikaa humo dakika nane na sauti ya kelele ikiwa juu. Alipojivuta nje shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Kwenye kikao kile," alisema akifunga saa yake, "nilikujibu vibaya. Nitaomba hoja yako iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kama ulivyoisema."

"Asante, Profesa," alisema Mama Tulia, na moyoni akahisi kitu kikisimama wima.

Muda wote huo mdogo mtu alikuwa akifuata mambo kutoka kwenye kiti chake. "Leo nani?" angeuliza dada akirudi. "Alibinya mara ngapi? Mlimtoa?" Kuingia mwenyewe hakutaka kusikia, na dada hakumsukuma. Mpaka asubuhi moja Mama Tulia alipotoka na mkoba wake akamkuta amesimama barazani, amevaa, amesuka nywele, amevua hereni.

"Nimeacha vyuma vyote," alisema. "Twende."

Kwa utaratibu, fomu za ridhaa hazikuweza kushughulikiwa na ndugu, hivyo daktari wa ubongo ndiye aliyekaa naye, akamweleza hatari na haki zake, akamwambia anaweza kukataa hata sasa hivi. Akashauri pia msaidizi ndiye aendeshe mashine.

"Kama si dada, siingii," alisema mdogo mtu. Likaisha hilo.

Akabinya mara tatu, akatoka mara tatu. Akafunga kofia mwenyewe. Kitanda kikateleza. Mama Tulia akaketi mbele ya kompyuta, kidole juu ya kitufe cha kusimamisha. Bomba likaanza kugonga. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya nne. Ya sita, picha safi ajabu, hata msaidizi alinong'ona, "Huyu hajitikisi kabisa."

Dakika ya nane kengele ikalia.

Kidole cha Mama Tulia kilikuwa kimeshabonyeza kabla hajafikiri. Kelele zikakatika, kitanda kikatoka, naye akawa ameshafika, amefungua kofia, ameinama juu ya uso wa mdogo wake.

"Vipi? Unaumwa? Umeogopa?"

Mdogo mtu alikuwa anatazama dari, anapumua polepole. "Hapana," akasema. "Nilikuwa sawa. Nilitaka tu kujua kama ungenitoa hata kama zimebaki mbili."

Nyuma ya kioo msaidizi alivua miwani yake akaanza kuisafisha kwa nguvu.

"Nirudishe," mdogo mtu akasema. "Anzeni mwanzo. Safari hii sitabinya."

Na hakubinya.

Utafiti ulichukua miaka miwili na zaidi. Matokeo yalipokuwa tayari, daktari wa ubongo alikataa kuyapeleka kwingine kabla wenyewe hawajayasikia. Waliitwa wote, sabini na wanane, kwenye ukumbi mkubwa wa hospitali, na Mama Tulia alihakikisha kila mlango una jiwe la kuuzuia usijifunge. Daktari alizungumza bila karatasi.

"Kuna sehemu ya ubongo inayopiga king'ora," alisema, "na kuna sehemu inayosema basi, hatari imepita. Kwa wengi wenu wenye kiwewe kizito, tuliona sehemu hizi mbili zimepunguza mawasiliano. King'ora kinalia, na ile ya kusema basi haisikiki. Tulipowapiga picha tena baada ya miezi ya tiba, kwa baadhi yenu mawasiliano yalirudi, nanyi mkasema mnajisikia nafuu. Kwa baadhi hayakurudi, na hatujui kwa nini. Sitawadanganya. Huu ni mwanzo. Lakini jambo moja mlijue: hamkuwa waoga, wala wavivu, wala hamkukosa imani. Kilichowapata kinaonekana, na tumekiona."

Mlinzi wa zamani alikuwa amekaa mstari wa mbele, kofia magotini.

"Na jambo la pili. Hali hii ilionekana wazi zaidi kwa watu tisa kati ya wale kumi na mmoja ambao tulitaka kuwaondoa mwanzoni. Tungewaondoa, tusingeona kitu. Aliyetuzuia yuko pale nyuma."

Vichwa vikageuka. Mama Tulia alikuwa amesimama karibu na mlango, amevaa sare yake ya kazi kwa sababu alikuwa na mgonjwa saa tano. Kwanza alipiga makofi yule mwanamke aliyewahi kutetemeka ndani ya Bomba, kisha mlinzi, kisha wote, na mdogo wake akasimama kabisa. Mama Tulia hakujua mikono aiweke wapi. Aliiweka mifukoni, akaitoa, akajikuta anapunga kama mtu anayeaga safari. Saa tano kasorobo akashuka chini kwa mgonjwa wake.

Ripoti ilipochapishwa, jina lake lilikuwa la tatu, jina kamili lote, ambalo hata baadhi ya madaktari walikuwa hawalijui. Mume wake aliitengenezea fremu ya mninga akaitundika karakanani, na mteja akija kuulizia kitanda lazima kwanza aoneshwe. "Huyu ni mke wangu," alisema. "Na kile kifaa cha mbao kinachotajwa ukurasa wa pili ni changu. Sasa, kitanda ulitaka futi ngapi?" Hospitali mbili ziliomba vipimo vyake. Alivituma, na pembeni akaandika kwamba wapanue kidogo sehemu ya tumbo.

Mdogo mtu hakupona akawa kama zamani, hilo halikutokea. Bado zipo siku nzito, na dawa bado anakunywa. Lakini siku mbili kwa wiki yuko kwenye ile stoo ya mazoezi, anawapokea wanaokuja mara ya kwanza. Anawaonyesha kamba, anawaambia alikotoka, na wanamsikiliza kuliko wanavyowasikiliza madaktari wote.

Mwanzoni mwa mwaka huu paliitishwa kikao cha awamu ya pili ya utafiti. Mama Tulia alikuta jina lake limeandikwa kwenye orodha ya wajumbe. Aliketi mezani, upande wa kulia wa daktari wa ubongo, akafungua daftari. Profesa akasoma mpango: watu wangapi, picha ngapi, kwa muda gani. Alipomaliza akauliza kama kuna mwenye swali.

"Mimi," alisema Mama Tulia, na safari hii aliijua sauti yake tangu neno la kwanza. "Kwenye kumbukumbu za kiwanda kuna watu thelathini na mmoja waliotoka hai, tukawapigia simu, hawakupokea hata mara moja. Hawapo kwenye mpango huu. Tunaanzaje bila hao?"

Profesa alitazama karatasi yake, akamtazama yeye, akavuta kiti karibu.

"Haya," akasema. "Tuanze na hao."